Kiti cha Sampuli

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana kitu chenyewe ni kidogo na sitaki kikupite. Chukua ndoano isiyozidi punje ya mchele. Ibane kwenye jiliwa, kile chuma cha fundi chenye midomo miwili inayokaza. Letu lilikuwa dogo la kukaa mezani, midomo yake myembamba kama ya ndege. Zungusha uzi uliopakwa nta kutoka kichwani mwa ndoano mpaka mkiani. Fungia nyuzi tatu za unyoya ziwe mkia. Sokota sufi ya sungura kwenye uzi, rudi nayo mbele, mwili uwe umejengeka. Karibu na kichwa, zungushia unyoya wa shingo ya jogoo ili usimame kama miguu. Piga fundo la kumalizia, kata uzi, tia tone la vanishi. Hapo umepata nzi. Mbali huko, kwenye mto wa baridi, samaki anayeitwa trauti atamwona, atadhani ni mdudu wa kweli, na atajuta.

Kazi hiyo niliifanya Voi katika miaka ya tisini, katika chumba cha mabati nyuma ya duka la nguo. Mwenye karakana alikuwa mama mmoja wa nyanda za juu, ambaye mumewe aliletwa Voi na kazi ya reli. Kabla ya kuolewa alifunga nzi kwenye karakana ya huko kwao, kando ya mito yenye trauti. Alipofika kwetu alikuta joto, vumbi jekundu na wasichana wengi wasio na kazi, akanunua majiliwa saba. Sote tulimwita Madam.

Ungeniuliza wakati ule trauti ni samaki gani, ningekujibu kwa ujasiri wote: ana madoadoa, hapendi maji ya moto, na haoni haya kula kitu chenye manyoya. Mimi sikuwahi kumwona. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona, isipokuwa Madam. Mama yangu, mtu wa pwani aliyezaliwa akisikia harufu ya samaki, alikuwa akinicheka kila nikirudi nyumbani na sufi kwenye buibui.

"Samaki gani huyo asiyekula chambo cha kweli?"

"Ni samaki wa mito ya baridi, mama."

"Basi ana maringo. Na wewe ndiye mpishi wake."

Tulikuwa tukiishi kwa misimu miwili kwa pamoja. Januari na Februari, Voi inapokauka mpaka mbuzi wa sokoni wanalala chini ya malori, sisi tulifunga nzi wadogo weusi wa kuzama, wa maji yanayotoka kwenye theluji inayoyeyuka huko wanunuzi walikokuwa. Masika yakitufikia, wao walikuwa wanajiandaa kwa miezi yao ya jua, nasi tukafunga nzi wa kuelea, wenye manyoya mengi ya kuwabeba juu ya maji. Kipupwe kikituletea ubaridi kidogo asubuhi, tulifunga wale wakubwa wekundu na wa rangi ya dhahabu, wa wakati majani ya kwao yanapukutika. Nilijua kiangazi chao na baridi yao kwa vidole tu.

Sasa nikueleze kiti cha sampuli, kwa sababu roho yangu yote ilikuwa juu ya kiti hicho.

Kila oda ilikuja na nzi mmoja wa kuigwa. Mtu mmoja alimtazama, akafunga dazeni ya kwanza, na sisi wengine tukawaiga hao, si yule aliyekuja na oda. Mtu huyo alikaa dirishani, kwenye mwanga. Kwa miaka minne kazi hiyo ilikuwa ya Madam mwenyewe, lakini macho yake yalianza kuchoka. Akatutangazia kwamba kabla ya kipupwe cha mwaka unaofuata atachagua mmoja wetu awe mfungaji wa sampuli, na kwamba huyo ndiye atakayekwenda naye mlimani kwenye mito, kama alivyokuwa akienda kila mwaka kujaribu nzi wapya. Atasimama kando ya maji, na atamwona trauti akila nzi aliyemfunga mwenyewe.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuajiriwa. Mimi ndiye niliyefundisha kila aliyekuja baadaye. Kwenye trei yangu nzi walilala sawasawa, wamenenepa vizuri, kila mmoja kama pacha wa mwenzake. Sikuona sababu ya mtu mwingine hata kuota kiti kile.

Halafu akaja yule dada wa Rukanga.

Alikuwa mdogo wangu kwa miaka kama mitano, kutoka chini ya mlima wa Kasigau, amekuja Voi kukaa kwa shangazi yake. Alifika baada ya masika. Madam akamketisha kando yangu na kuniambia, "Huyu ni wako." Nikamfundisha kama ninavyopenda kufundisha, polepole, nikirudia, nikimshika kidole. Napenda kueleza watu vitu, ndivyo nilivyoumbwa. Alipokosea nilimwambia, "Si kitu, hata mimi nililia wiki ya kwanza." Akaanza kuniita Mwalimu, na nilipenda sana.

Nilipenda kwa muda wa miezi mitatu hivi.

Kwao Rukanga wanawake husuka vikapu vya katani. Uzi wa katani husokotwa kwa kiganja juu ya paja, na mtoto wa kike hujifunza mapema kuhisi uzi umekazwa kiasi gani na umelegea kiasi gani. Yeye alikuja na mikono hiyo. Siku moja nilimwona akifika karibu na kichwa cha nzi, anasimama, anaachia kibanio cha uzi, kile kishikio kinachobeba kigurudumu cha uzi, kining'inie, kisha anakizungusha kwa kidole upande wa kinyume. Uzi ukafunguka msokoto wake, ukawa bapa kama utepe. Alipouzungusha kwenye ndoano, ulilala bila kifundo. Kichwa cha nzi wake kilikuwa kidogo kama tundu la sindano.

Sikuwa nimemfundisha jambo hilo. Nilikuwa silijui.

Ningeweza kumuuliza. Ni maneno manne tu: umefanyaje hapo, mdogo wangu? Sikuuliza. Nilisubiri atoke kwenda kunywa maji, nikazungusha kibanio changu kinyume, nikakizungusha mno, uzi ukakatika na ndoano ikaruka chini. Nyuma yangu alikaa mama mmoja wa Kikamba ambaye hakuna kilichompita.

"Mwalimu," akasema, "unatafuta nini uvunguni? Umeangusha mtihani?"

"Ndoano."

"Aa. Mimi nilidhani mwanafunzi amekupita darasa, sasa unatafuta madaftari yake."

Chumba kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko changu kiliniuma kifuani kama maji ya moto yaliyomezwa kwa haraka.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na raha. Madam alikuwa akipita nyuma yetu, miwani puani, anaokota nzi mmoja kutoka kila trei na kumwinua kwenye mwanga. Wangu alimrudisha akisema, "Vizuri." Wa dada wa Rukanga alimshika muda mrefu zaidi. Ule muda ndio nilioupima. Nikiwa nyumbani nakuna nazi, naupima tena. Nilianza kuona makosa yake yote: jinsi anavyovuta kiti, jinsi anavyoimba nyimbo za kanisa kwa pua, jinsi anavyosema "manyoya ya jogoo ile" na kila mtu anamwelewa, wakati mimi ninayesema sawasawa hakuna anayenisikiliza. Nzi wake niliwaona wembamba, wenye njaa. Nilijiambia anabania sufi. Nilimwambia hata Madam, kwa sauti ya upole kabisa, "Sijui kama wanunuzi watawapenda hawa, wamekonda."

"Tutaona," akasema Madam.

Kikaja kiangazi, na hapo nikafanya lile ambalo mpaka leo nimemweleza mtu mmoja tu.

Vanishi na joto la Voi havipatani. Mwezi wa Februari, jua likishapanda juu ya mabati, vanishi inakuwa nzito ndani ya chupa. Ukiitia kwenye kichwa cha nzi, inakauka juu upesi na kubaki mbichi chini. Unaona kichwa kinang'aa, unafurahi. Kesho yake ukikigusa kwa ukucha, ngozi inabanduka na uzi unafunguka. Dawa yake ni rahisi. Chupa uiweke kwenye kikombe cha maji, uifunge kitambaa kibichi, na vanishi uitie asubuhi mapema, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene. Mambo haya niliyagundua mwenyewe katika kiangazi changu cha kwanza, baada ya kuharibu kazi nyingi, na kila aliyekuja baadaye nilimweleza kabla joto halijaanza. Wengine wote walikuwa wanajua, hata wamesahau kwamba kuna siku hawakujua. Yeye alikuja baada ya masika. Kiangazi cha karakanani alikuwa hajakiona.

Mwaka ule kikombe changu nilikiweka chini ya meza, nyuma ya pindo la buibui; vya wengine vilikuwa nyuma yetu, na yeye alizoea kutazama meza yangu tu.

Akaniuliza. Hilo ndilo linalonichoma. "Mwalimu, mbona vanishi yangu inafanya mapovu?"

Nikamtazama usoni. "Labda ni hiyo chupa," nikasema. "Ijaribu tu."

Akaijaribu. Madam alipokuja kukagua trei zake za wiki nzima, alipitisha ukucha, na vichwa vikafunguka kimoja baada ya kingine. Hakumgombeza. Alimsogezea trei na kusema, "Hawa wote, upya." Kwa siku tatu yule dada alifunga upya, bila kuimba. Nilidhani nitasikia raha. Nilisikia raha kweli, kama nusu saa. Kisha nikaona kwamba hata wale wa kufunga upya walikuwa wazuri kuliko wangu, na wivu ukarudi mahali pake, sasa ukiwa na aibu ya kuushikilia mkono.

Mwisho wa Machi, kabla mvua haijaanza, Madam alisema anataka kutupeleka mimi na yeye kwenye maji. "Mezani nzi anadanganya watu," alisema. "Majini anadanganya samaki. Nataka kujua kati yenu nani anamdanganya nani."

Hapakuwa na trauti karibu nasi, lakini upande wa Taveta kuna chemchemi zinazotoka ardhini zikiwa safi na baridi, na moja ina kijito kinachoteremka kuelekea mashamba ya Mata. Mume wa Madam alituendesha kwa pikapu yake, barabara ya vumbi, sisi wawili nyuma tumefunga vitambaa puani. Nilikuwa nimefunga nzi wangu wa kuzama usiku kucha kichwani na asubuhi nzima mezani. Niliujaza mwili wake sufi mpaka ukawa duara zuri. Sikuwahi kufunga nzi mzuri kama yule, na hata sasa nikimkumbuka namwona mzuri.

Kijitoni maji yalikuwa maangavu hata ungehesabu changarawe. Perege wadogo walisimama kwenye kivuli cha matete, vichwa vyao vikitazama maji yanakotoka. Madam alitoa fimbo yake ya zamani ya kuvulia, akafunga nzi wangu kwenye mshipi, akamtupa mbele yao.

Nzi wangu alikaa juu ya maji. Alikuwa nzi wa kuzama, na hakuzama. Hewa ilikuwa imejaa ndani ya ile sufi yote niliyomshindilia, akaelea kama pamba ya mto wa kulalia, akapita juu ya wale perege wote na hakuna hata mmoja aliyegeuza jicho. Madam akamtupa tena, akamlowesha, akamkamua kwa vidole. Akazama kidogo, akageuka ubavu.

Kisha akafunga wa dada wa Rukanga, yule mwembamba, mwenye njaa. Nzi huyo akaingia majini kimya, akashuka, mkondo ukamtikisa, na nikaona jambo ambalo kwa miaka yote sikuwa nimeliona: sufi yake kidogo ilifunguka na kupumua, kama mdudu aliye hai. Perege mmoja akasogea, akafungua mdomo, na mshipi ukakaza. Madam alimtupa mara tatu, na mara tatu ukakaza.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu, kosa la mtu aliyefunga nzi miaka mitano karibu na kituo cha reli bila kumtia hata mmoja ndani ya maji. Nilifunga kwa ajili ya trei. Nilifunga apendeze akiwa amelala, amekauka, chini ya taa. Na wote niliowafundisha, niliwafundisha hivyo.

Na yeye? Hakunicheka. Aliokota nzi wangu kwenye majani, akaja akachuchumaa kando yangu, mbele ya Madam, na kunieleza kila kitu.

"Mwalimu, umemshindilia. Pale kwa kichwa, zungusha kibanio hivi, uende kinyume, uzi utalala. Ukilala, huhitaji mizunguko mingi. Mwili uache upumue. Mimi sikujua ni kwa sababu ya maji. Kwetu tunafanya hivyo ili kikapu kisiwe kizito."

Alinieleza polepole, akirudia, akanishika kidole. Nakuambia ukweli: hata wema wake niliuonea wivu. Nilitamani angenificha, ili tuwe sawa.

"Kiti cha dirishani ni chako," Madam alimwambia wakati tunakunja mshipi. Hakuniangalia, nadhani kwa huruma, na huruma ile nayo nikaichukia.

Tukiwa nyuma ya pikapu, tumeshapita Bura, nikamwambia habari ya vanishi. Sijui kwa nini palepale. Labda kwa sababu kelele za gari zilikuwa kubwa na nilitumaini hatasikia vizuri. Alisikia.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Siku tatu nilifunga upya," akasema. "Shangazi aliniambia nirudi Rukanga, hii kazi haiko mikononi mwangu. Nikaamini. Nilifunga hadi mizigo." Akavuta kitambaa chake juu ya pua. "Na nilikuuliza. Kwa mdomo wangu nilikuuliza."

Nikasema nisamehe, mdogo wangu. Mpaka Mwatate, mpaka Voi, alitazama barabara tuliyotoka. Aliposhuka alisema kwaheri kwa mume wa Madam peke yake.

Kipupwe walikwenda mlimani, yeye na Madam, kwa muda wa wiki moja. Wiki ile nilifanya kazi nikiwa nimegeuzia dirisha mgongo. Waliporudi, alikuwa amebabuka midomo kwa baridi, na chumba kizima kilimzunguka. Alisimulia kwamba maji yale yanauma miguu kama meno. Kwamba trauti akigeuka, ubavu wake una rangi ambayo hakupata jina lake kwa Kiswahili wala kwa lugha ya kwao. Kwamba samaki hukaa chini akitazama juu, kwa hiyo anachokiona cha nzi ni tumbo na mwanga unaopita katikati. Mama wa Kikamba akauliza, "Na alikula kweli manyoya yetu?" Akajibu, "Alikula, mama, halafu akatukasirikia sana." Wote wakacheka. Mimi nilikuwa mezani kwangu, nikijifanya napanga ndoano, nikisikiliza kila neno kama mtu mwenye njaa anayesikiliza sufuria ya jirani. Mpaka leo sijamwona trauti.

Kazini tulisalimiana, tukapeana mkasi, tukapishana mlangoni. Hatukurudi tulipokuwa. Lakini oda ya kwanza chini ya kiti chake ilipokuja, aliweka sampuli yake kwenye kila meza, na alipofika kwangu aliweka mbili.

"Moja ya kuangalia," alisema. "Nyingine fanya unavyotaka."

Sikujua kama ni msamaha au ni kazi. Alirudi dirishani. Nilimtazama yule nzi wa pili kwa muda mrefu, na wivu wangu wote ukawa umesimama hapo mbele yangu, mdogo kuliko punje ya mchele, umebanwa kwenye jiliwa. Nikashika wembe. Kwa mara ya kwanza nikafanya kwa adabu kile nilichokuwa nikikifanya kwa jicho la pembeni: nikamfungua mzunguko kwa mzunguko, nikihesabu. Pale nilipokuwa naweka tisa, yeye aliweka minne. Pale nilipokuwa nakaza, yeye aliachia. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi, nikaanza kufunga. Wa kwanza alikuwa mbaya. Wa kumi na mbili Madam alimwinua kwenye mwanga, na akamshika muda kidogo.

Wewe pia, ukikuta nzi wa mtu anakunyima raha, muombe mmoja. Mbane kwenye jiliwa, kata vanishi ya kichwa kwa ncha ya wembe, kamata mwisho wa uzi na uufungue taratibu kuelekea mkiani, ukiandika kila mzunguko. Kisha chukua ndoano tupu ya saizi ileile, usome karatasi yako kuanzia chini kwenda juu, na ufunge.